Paja la kuku limekosa nini?

Ukisema unataka kutengeneza baga ya kuku yenye afya nyumbani, kila mshauri atakutuma ukanunue kidari. Paja, eti, lina mafuta. Watu wameliamini hilo mpaka wanakinunua kidari kisicho na mfupa kwa bei ya juu na kujiona wameshamaliza kazi ya afya pale pale kwenye friza la duka.

Tupige hesabu. Gramu 100 za kidari kilichookwa bila ngozi zina mafuta yapatayo gramu 4. Paja, nalo bila ngozi, lina kama gramu 8 hadi 11. Tofauti ipo, sikatai. Lakini baga ya kuku hailiwi ikiwa mbichi katikati: nyama inaposagwa, bakteria waliokuwa juu yake huchanganyika kote, kwa hiyo ndani lazima ifike nyuzijoto 74. Kidari kitupu kikifika hapo kinakauka, kinakwama kooni. Sasa mtazame huyo mpenda afya anavyokilainisha: kijiko cha mayonezi, halafu kingine. Kijiko kikubwa kimoja tu kina mafuta ya gramu 10 hivi. Aliyoyakimbia kwenye paja ameyapaka kwenye mkate, na kidari amekilipia ghali.

Mimi nasaga paja. Toa ngozi na mfupa. Nyama yake ina madini mengi zaidi ya chuma na zinki kuliko kidari. Kisha mboga ziingie ndani ya nyama yenyewe, kama robo ya mchanganyiko: karoti iliyokwaruzwa, hoho na kitunguu vilivyokatwa vidogo vidogo, mchicha uliochemshwa kidogo na kukamuliwa sawasawa, la sivyo baga itafumukia kikaangoni. Mboga hizo hutunza unyevu na kupunguza nyama katika kila baga. (Wanaotandika jani moja la saladi juu ya nyama na kuiita baga ya mboga wananichekesha.)

Yai, kitunguu saumu, tangawizi na giligilani vinatosha. Vile vipande vya kiungo cha supu viache dukani, vimejaa chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Weka mchanganyiko kwenye friji nusu saa ushikane, pika kwenye kikaango kilichopakwa mafuta kidogo tu, kisha paka mtindi mzito wenye limau.

Kidari ulichokwisha kununua kitie kwenye mchuzi. Huko hakitadai mayonezi.