Tulimfukuza, na Kisha?



Mwaka jana mwenzetu wa mwaka wa nne alikamatwa na lutuku ndani ya chupa ya maji. Mimi kapita njo niliandika jina lake. Akafukuzwa. Akarudi kwao upande wa Kabambare, na kule mama yake anauza lutuku ile ile ili alipe masomo ya watoto. Maana yake tulimrudisha mbele ya pipa!

Wengi walisema ni tabia mbaya tu. Mimi pia. Lakini nilimuona asubuhi, mikono inatetemeka, hawezi kushika bic. Mtu wa namna ile akikatiwa pombe gafula anaweza kuanguka kifafa. Anahitaji munganga, si fimbo.

Kule Unguja kuna nyumba ambamo vijana walioshikwa na heroini wanakaa miezi, wakiongozwa na watu walioiacha wao wenyewe. Kwetu Kongo, Mafrere wa Charité walianzisha Sosame ya Bukavu mwaka 1994 kwa wagonjwa wa akili, na wenye kushikwa na pombe wanatunzwa pale pia. Lakini Bukavu ni mbali, na barabara tunaijua sisi wote.

Basi naomba baraza la waalimu: mwanafunzi wa hivi aanze hospitali hapa Kasongo, kisha alale interna, chini ya macho yetu. Kitanda chake kingali kitupu. Mkinipa ruhusa ya siku nne, nitapanda kinga, nitaenda kumwita.