Nyumba njema si mlango: Kliniki ya meno ikaguliwe ndani

MTU anayeumwa na jino haulizi maswali. Usiku kucha amefunga shavu kwa leso, amesukutua maji ya chumvi, ameuma karafuu, na kunapokucha anachotaka ni mkono wowote utakaomtoa katika mateso hayo. Akifika kwa daktari hufungua kinywa na kufumba macho. Vyombo vile vilitumiwa na nani jana? Vimetakaswa vipi? Anayevishika ana leseni? Hayo hayamo kabisa katika mawazo yake.

Ndiyo sababu, ndugu msomaji, usalama wa kliniki ya meno haufai kuachiwa mgonjwa aulinde mwenyewe. Ni lazima mtu mwingine awe ameingia kabla yake, mtu asiye na maumivu wala haraka, akafungua makabati na kuuliza maswali hayo. Mtu huyo ni mkaguzi.

Chukua mfano wa Bura. Nasema Bura ya Taita, iliyo baada ya Mwatate katika njia ya kutoka Voi kwenda Taveta, si ile ya Tana River. Mkaazi wa huko anayetaka hospitali kubwa husafiri hadi Voi, iliko hospitali ya rufaa ya Moi. Hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi, foleni, na siku nzima ya kazi iliyopotea. Katika mahali kama hapo, yeyote anayefungua kliniki ya meno karibu na nyumbani hupokewa kwa shukrani. Ni nani atakayeanza kwa kumwuliza leseni?

Wewe unayesoma gazeti hili ukiwa Mombasa au Nairobi una nafuu. Usipopendezwa na kliniki moja, utavuka barabara uingie nyingine. Mama yako aliyebaki kijijini hana barabara ya kuvuka. Kwake yeye kliniki ni ile ile moja, iwe salama au isiwe. Kadiri mgonjwa anavyokosa uchaguzi, ndivyo anavyomhitaji zaidi mkaguzi.

Wengi hudhani kwamba jino ni jambo dogo na kwamba hatari iko katika upasuaji wa tumbo au kichwa. Sivyo. Ndani ya kinywa mna mate na damu. Kila jino linapong'olewa, damu hubaki kwenye koleo. Mashine ya kutoboa jino nayo inaweza kufyonza mate na damu hadi ndani yake, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi. Maana yake ni kwamba chombo kilichopanguswa tu Jumatatu kinaweza kumwambukiza mgonjwa wa Ijumaa.

Wala usidanganyike na sufuria ya maji yanayochemka. Maji huchemka kwa nyuzi 100 na huua vijidudu vingi, lakini si vyote. Kuna bakteria wanaojifunika kwa ganda gumu na kuvumilia joto hilo. Vyombo vya kuingia kinywani hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo, ndani ya mashine iitwayo otoklevu, kwa nyuzi 121 kwa muda wa dakika 15 au zaidi, ama kwa nyuzi 134 kwa dakika 3 au zaidi. Kabla ya hapo ni lazima vioshwe, vikaushwe na kutiwa katika mifuko maalumu. Kwenye mifuko hiyo huwa pana alama inayobadilika rangi baada ya kupata joto.

Lakini hata alama hiyo haitoshi, kwa kuwa haithibitishi kwamba vijidudu vyote vimekufa. Kwa hiyo mashine yenyewe hupimwa kwa kutia ndani yake kikaratasi au kichupa chenye bakteria wale wagumu, kisha kuangalia kama wamekufa. Idara za afya za Marekani hupendekeza kipimo hicho kifanywe angalau mara moja kwa wiki.

Yasipofanywa hayo, matokeo yanajulikana. Mwaka 2013, katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma huko Marekani, mgonjwa mmoja wa meno aligunduliwa kuwa na homa ya ini aina ya C ingawa hakuwa na sababu nyingine iliyojulikana ya kuambukizwa. Wakaguzi walipoingia katika kliniki aliyotibiwa walikuta vyombo vyenye kutu na otoklevu ambayo haikuwa imepimwa kwa muda wa miaka kama 6. Wagonjwa wapatao 7,000 walitakiwa wakapimwe damu. Baadaye ilithibitishwa kwamba virusi vilikuwa vimetoka kwa mgonjwa mmoja hadi kwa mwingine humo humo klinikini.

Hiyo ni Marekani, nchi tajiri yenye sheria na maabara tele. Iwapo mashine iliweza kukaa miaka 6 bila kupimwa huko, itakuwaje kwa kliniki ndogo ambayo mkaguzi hupita mbele yake akiwa garini, akaona rangi mpya ukutani na kibao kizuri, kisha akaenda zake? Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Sasa akishaingia ndani atazame nini? Ni vyema wewe nawe ufahamu, maana siku moja utakalia kiti kile.

Kwanza ni leseni, nazo ni mbili: ya mtaalamu na ya kituo chenyewe. Zote hutolewa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini, linalojulikana kwa kifupi kama KMPDC, na huhuishwa kila mwaka. Leseni ya miaka mitatu iliyopita ni pambo la ukuta.

Pili ni njia ya vyombo. Mkaguzi mzuri hafuati maneno, hufuata koleo. Huanzia kwenye kiti cha mgonjwa, akalifuata hadi karoni linakooshwa, hadi kwenye otoklevu, hadi kabatini. Kisha huuliza swali moja la kwetu: stima ikipotea asubuhi na wagonjwa wako nje, mnafanya nini? Jibu sahihi ni otoklevu ya kutumia gesi, au vyombo vya akiba vilivyokwisha kutakaswa, au kuwaomba wagonjwa wangoje. Akiambiwa “huwa tunachemsha kidogo”, basi amepata alichokuwa akitafuta.

Tatu ni ganzi na sindano. Kichupa cha dawa ya ganzi ni cha mgonjwa mmoja tu. Kikibaki nusu hutupwa, hata kama ni ghali. Sindano iliyotumika haitupwi katika pipa la kawaida, bali katika kisanduku kigumu ambacho hufungwa kikijaa robo tatu. Taka zenye damu nazo huwekwa mbali na maganda ya ndizi na karatasi. Mkaguzi ataka kujua pia huchomwa wapi na nani huzibeba, kwa maana watoto wengi huokotea vitu vya kuchezea jaani.

Nne ni mashine ya eksirei, kama ipo. Hiyo ina leseni yake chini ya mamlaka ya kudhibiti nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Tano ni usimamizi. Je, kuna daftari la wagonjwa? Dawa zilizopitwa na muda ziko wapi? Wafanyakazi wamechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B? Mgonjwa akizirai baada ya ganzi, oksijeni na dawa za dharura ziko karibu, na yuko anayejua kuzitumia? Mambo haya huonekana kama makaratasi tu mpaka siku ambayo mtu ameanguka sakafuni.

Bila shaka wenye kliniki watalalamika. Watasema leo amekuja afisa wa afya ya umma, kesho wa mazingira, keshokutwa wa leseni ya biashara, na kila mmoja ana karatasi yake. Malalamiko hayo yana haki. Mtu akisumbuliwa na wakaguzi watano wenye masharti matano, hujifunza kuwaridhisha wakaguzi badala ya kuwalinda wagonjwa. Na pale penye masharti yasiyoeleweka, hongo hupata njia.

Lakini dawa yake tunayo hapa hapa nchini. Serikali ilitunga orodha moja ya ukaguzi wa pamoja wa vituo vya afya, na katika miaka ya baada ya 2016 utaratibu huo ulijaribiwa katika kaunti tatu: Kakamega, Meru na jirani yetu Kilifi. Vituo 1,348, vya serikali na vya watu binafsi, vilihusishwa. Wakaguzi walifunzwa, kazi yao ikawa hiyo tu, na kila kituo kilipewa alama. Kilichopata alama za chini kilipewa muda mfupi wa kujirekebisha kabla ya kurudiwa. Kilichofanya vyema kiliachwa kwa muda mrefu zaidi.

Matokeo yalikuwa nini? Alama za usalama wa wagonjwa katika vituo vilivyokaguliwa zilipanda kwa asilimia 15 zikilinganishwa na vile ambavyo havikuwa katika mpango huo. Pesa ambazo wagonjwa walitoa mfukoni hazikuongezeka, wala watu hawakuacha kutafuta matibabu. Wanaosema kwamba ukaguzi utapandisha bei na kufukuza wagonjwa wanapaswa kuyatafakari hayo.

Mwaka 2025 tuliona upande mwingine wa shilingi. KMPDC lilitangaza kufungwa kwa vituo vya afya 728 na kushushwa daraja kwa vingine 301. Wengi tulipiga makofi, na pengine ilistahili. Hata hivyo, kufunga si kukagua. Kituo kilichofikia kiwango cha kufungwa ni kituo ambacho kilikosea kwa muda mrefu bila mtu kukirudia. Na huko mashambani kufuli huwa na gharama yake: ukifunga kliniki pekee ya karibu, jino haliachi kuuma. Mgonjwa asiye na nauli ya kwenda mjini atamtafuta mtu mwenye koleo na chupa ya spiriti nyuma ya soko, na huyo hakuna atakayemkagua kamwe.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Pawe na makosa ya kufungiwa siku hiyo hiyo: anayetibu bila kusajiliwa, vyombo visivyotakaswa, sindano inayorudiwa. Hapo hapana mjadala. Makosa mengine, kama vile daftari lisilojazwa au oksijeni iliyokwisha, yapewe siku maalumu, na mkaguzi arudi siku hiyo. Kurudi ndiko muhimu. Mkaguzi anayekuja mara moja na kutoweka ni mgeni. Anayerudi ndiye mlinzi.

La pili, hospitali za kaunti zikaguliwe kwa orodha ile ile. Tangu katiba ya 2010 huduma za hospitali hizo zimo mikononi mwa kaunti, na maafisa wa afya ya umma nao ni wa kaunti. Haifai mwanafunzi kujisahihishia mtihani wake. Chumba cha meno katika hospitali ya umma kikaguliwe na timu yenye watu wa kutoka nje ya kaunti, na alama zake zitangazwe sawa na za mtu binafsi.

La tatu, alama hizo zibandikwe mlangoni kwa Kiswahili chepesi, na huko Taita kwa Kitaita pia: kliniki hii ilikaguliwa tarehe fulani, ilipata kadhaa, ilitakiwa kurekebisha hili na hili. Sisemi kwamba karatasi ya mlangoni itatakasa koleo. Hilo ni kazi ya otoklevu na ya mkaguzi anayerudi. Lakini kinywa ni cha mgonjwa na damu ni yake. Kifungu cha 46 cha katiba kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo ipasavyo. Ripoti iliyofungiwa katika kabati la ofisi Nairobi haimsaidii mama wa Bura.

Nawe msomaji usingoje serikali. Mara utakapokwenda kwa daktari wa meno, au utakapompeleka mzazi wako, uliza mambo matatu kabla ya kufungua kinywa. Leseni ya mwaka huu iko wapi? Je, mfuko wa vyombo utafunguliwa mbele yangu? Na sindano hii ni mpya? Waweza pia kulitafuta jina la mtaalamu katika orodha ya KMPDC iliyo kwenye intaneti, na ukiona kosa, Baraza hilo hupokea malalamiko ya wagonjwa.

Uliza kwa adabu. Daktari anayefanya kazi yake vizuri hatakasirika, atafurahi kukuonyesha. Akikasirika, funga kinywa, chukua mkoba wako, na uende ukaripoti.