Ugaidi: Tuige Dawa ya Saudia, Tusiige Sumu Yake



Mimi ni nesi hapa Riyadh, zamani nilikuwa Jeddah. Kila siku napita vizuizi vya zege kwenye geti la makazi yetu. Si mapambo. Mei 12, 2003 mabomu ya magari yalilipua makazi ya wageni Riyadh. Desemba 6, 2004 ubalozi mdogo wa Marekani Jeddah ulivamiwa, wafanyakazi watano wakauawa.

Serikali ilitumia mtutu, lakini haikuishia hapo. Wafungwa walikalishwa na masheikh na wanasaikolojia, familia zikashirikishwa, wakitoka wakasaidiwa kupata kazi, hata kuoa. Dawa hii haiponyi wote: kati ya watu 85 waliotangazwa kusakwa mwaka 2009, 11 walikuwa wametoka Guantanamo na kupitia mpango huo. Hata hivyo naiunga mkono, maana bunduki peke yake haibadilishi kichwa cha mtu.

Sumu iko kwenye sheria. Desemba 2020 mahakama ya kesi za ugaidi ilimhukumu kifungo Loujain al-Hathloul, mwanamke aliyedai haki ya kuendesha gari. Huyo naye gaidi?

Tusicheke. Kwetu masheikh wa Uamsho walishtakiwa kwa ugaidi 2014, wakasota rumande miaka, na Juni 2021 DPP akafuta mashtaka. Hukumu hakuna.

Wodini najua hili: mgonjwa akikuogopa, hakwambii anapoumwa. Raia anayeiogopa polisi ataripotije gaidi wa kweli?

Naomba kuwasilisha.