Mashujaa Wasiouhitaji Umma

Mtoto anapofunguliwa kitabu chake cha kwanza hafundishwi kusoma tu. Hufundishwa pia nani mwenye haki ya kutenda na nani mwenye wajibu wa kutazama. Kwa sababu hiyo, walimu na watumishi wa umma hawana budi kuvichunguza kwa makini vile vitabu vya sura fupi, vyenye picha nyingi na maandishi makubwa, vinavyosimulia vikosi vya mashujaa wenye nguvu za ajabu.

Asili ya vikosi hivyo inajulikana. Kampuni ya DC ya Marekani iliunda Justice League mwaka 1960. Mshindani wake, Marvel, akajibu kwa Fantastic Four mwaka 1961, kisha Avengers na X-Men mwaka 1963. Hadithi zilizoanzia katika magazeti ya picha leo zimefupishwa na kulainishwa ili zimfae mtoto wa miaka saba. Kiini chake, hata hivyo, hakikubadilika: mji unashambuliwa, raia wanakimbia wakipiga mayowe, kikosi kinashuka kutoka angani, adui anashindwa, raia wanapiga makofi. Kazi za umma katika hadithi nzima ni mbili tu: kuogopa na kushukuru.

Wapo wanaodai kwamba vitabu hivi vinafundisha umoja. Lakini ni umoja gani huo? Ni umoja wa wachache waliojaliwa nguvu au utajiri ambao msomaji hatazamii kuupata, hata akijitahidi usiku na mchana. Jirani, mzazi, mwalimu na fundi hawamo. Umoja unaowafungia nje walio wengi si umoja. Ni ukabaila uliovikwa joho la rangi.

Afrika Mashariki nayo haikusalimika. Mwaka 1975 Marvel ilimwingiza Storm katika X-Men, mwanamke mwenye uwezo wa kuamuru mvua na radi, ambaye mama yake ni Mkenya. Msomaji anamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu wa kike, mpaka anapotokea profesa kutoka Marekani kumweleza yeye ni nani na kumchukua. Kumpa mwanamke mwenye asili ya Afrika nafasi ya mbele lilikuwa jambo la kupongezwa. Lakini wanakijiji je? Wao wamebaki kuabudu. Katika miaka hiyohiyo, Wakenya halisi walikuwa wakijenga shule za Harambee kwa michango na mikono yao wenyewe.

Tena biashara haiko mbali. Mwaka 1984 Marvel ilianza kutoa mfululizo wa Secret Wars, matoleo 12, kwa makubaliano na kampuni ya Mattel iliyotaka kuuza wanasesere wa mashujaa hao. Hapo hadithi ilitumwa na duka.

Historia ya kweli inavyo vikosi vilivyo bora. Oktoba 1977, katika mji wa Merca, Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin aliugua ndui. Wahudumu wa afya walipita nyumba hadi nyumba, wakawatafuta watu aliokutana nao, wakachanja maelfu. Yeye akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umetokomezwa. Maalin, ambaye awali aliikwepa chanjo kwa kuogopa sindano, baadaye alijitolea katika kampeni ya kupambana na polio mpaka alipofariki mwaka 2013. Hakuna aliyeruka angani, na adui aliyeua mamilioni alishindwa.

Kuvipiga marufuku vitabu hivi hakufai. Sura fupi na picha nzuri humvuta mtoto aliye mzito wa kusoma, na umbo hilo linastahili kuigwa na waandishi na wachoraji wa Kiswahili. Kinachotakiwa ni mwalimu kumwuliza mwanafunzi swali moja kila sura inapokwisha: wananchi wako wapi? Kisha ampe kalamu na karatasi, aiandike upya sura hiyo, wananchi wakiwamo. Taifa linalowalea watoto wake kungoja mkombozi kutoka angani litapata watu wazima wanaotazama juu ilhali mtaro umeziba miguuni pao.