MALAIKA HAKUMKEMEA ELIYA

Kuna watumishi wanaohubiri kwamba ile tiba ya unyogovu ya kuketi kimya na kufuatilia pumzi yako ni mlango wa mapepo. Mtumishi, umeichunguza kabla ya kuikemea?

Waliiunda wanasaikolojia watatu, Segal, Williams na Teasdale, kwa watu ambao unyogovu huwarudia. Ni wiki nane. Unafundishwa kulitambua wazo likija: "mimi si kitu" ni wazo, si hukumu. Katika utafiti wao wa mwaka 2000, kati ya waliokwisha kuugua mara tatu au zaidi, chini ya nusu ya waliofundishwa waliugua tena. Waliobaki na matibabu ya kawaida tu, karibu wawili kati ya watatu. Pepo gani huyo anayezuia watu wasirudi shimoni?

Ndiyo, mbinu ilichotwa kwa Wabuddha, sifichi. Lakini hakuna anayekuambia usujudie sanamu, na pumzi ni ya Mungu aliyempulizia Adamu. (Dhamiri ikikusuta, mwambie daktari, zipo tiba nyingine.)

Soma 1 Wafalme 19. Eliya aliomba afe chini ya mretemu. Malaika akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Sisi mgonjwa tunamwambia afunge siku tatu bila maji!

Nimezika kijana tuliyemwombea kila kesha ya Ijumaa. Hakuna aliyemuuliza analalaje. Maombi hayo niliyaongoza mimi.

Kama leo ni wewe, usiache dawa, usingoje Jumapili. Nipigie sasa, nikusindikize hospitali.