Kuteleza Si Kuanguka

Kazi ya kocha haipimwi wakati timu yake inaongoza. Hupimwa wakati wa mapumziko, pale wachezaji wanapoingia katika chumba cha kubadilishia nguo wameinamisha vichwa, hakuna amtazamaye mwenzake, na nje mashabiki wa upande wa pili wanaimba. Kipimo hicho huwa kikali zaidi siku ya watani wa jadi. Maana atakayefungwa siku hiyo atakutana na mshindi wake kesho yake sokoni, kazini, na pengine mezani nyumbani kwake.

Tarehe 20 Oktoba, 2013, Simba na Yanga zilikutana mjini Dar es Salaam katika Uwanja wa Taifa, ambao tangu mwaka 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo vilabu hivyo vimezigawa nyumba za Tanzania, hata mume akawa huku na mke akawa kule. Siku hiyo Mrisho Ngassa aliifungia Yanga bao la kwanza. Kisha Hamis Kiiza, mshambuliaji kutoka Uganda, akaongeza mawili. Filimbi ya mapumziko ilipolia, Simba walikuwa nyuma kwa mabao matatu kwa bila.

Kocha wa Simba alikuwa Abdallah Kibadeni, naye hakuwa mgeni wa pambano hilo. Tarehe 19 Julai, 1977, akiwa mchezaji, alifunga mabao matatu peke yake Simba ilipoishinda Yanga mabao sita kwa bila. Basi vijana wale walikuwa na kiongozi aliyekwisha kuionja siku kama hiyo kwa miguu yake mwenyewe.

Wako wanaodhani kwamba kumtia mtu moyo ni kumpigia kelele. Siku ya watani wa jadi kelele hazina uhaba. Mchezaji aliyekwisha kufungwa matatu anawaka moto tayari, na akiongezewa kuni atatoka kumkwatua mpinzani na kuonyeshwa kadi nyekundu. Anachohitaji ni kichwa kilichopoa na kazi anayoielewa. Deni la mabao matatu halilipwi kwa mkupuo. Hulipwa bao moja moja, na la kwanza ndilo gumu kuliko yote.

Kibadeni alifanya jambo ambalo uwanja mzima uliliona. Kwa kipindi cha pili aliingiza vijana wawili, Said Ndemla na William Lucian. Badiliko la namna hiyo huwaambia wachezaji wote, bila hotuba ndefu, kwamba mwalimu wao hajakata tamaa na kwamba angali ana mpango.

Betram Mombeki akarudisha bao la kwanza. Haukupita muda mrefu, Joseph Owino akafunga la pili. Zikiwa zimebaki dakika chache, Gilbert Kaze akasawazisha, na pambano likaisha kwa mabao matatu kwa matatu.

Yafaa kuwatazama vizuri wafungaji hao. Owino, Mganda, na Kaze, Mrundi, walikuwa walinzi wa kati. Ndio waliokuwa wakilinda lango mabao yote matatu yalipoingia. Katika chumba kilichojaa hasira, lawama zingewaangukia wao kwanza. Tena mlinzi aliyeaibishwa mbele ya wenzake hujificha nyuma. Hathubutu kwenda mbele kutafuta bao, kwa kuchelea kosa jingine. Hawa walithubutu, na mabao mawili kati ya matatu yakatoka kwao.

Sajini ambaye kikosi chake kimeshindwa zoezi la asubuhi, na mama ambaye mwanawe ameleta ripoti mbaya ya muhula wa kwanza, nao wana mapumziko yao mafupi kama yale. Kosa litajwe, tena waziwazi, kwani mtu hatiwi moyo kwa uongo. Lakini likishatajwa mara moja latosha. Maneno yanayofuata yawe ya kazi: muda gani umebaki, nani atafanya nini, na tuanze na lipi. Mtoto anayeambiwa kuwa yeye ni mjinga hana la kufanya na neno hilo. Anayeambiwa kurudia hesabu tano kila jioni ana pa kuanzia.

Hata hivyo, asiwepo anayetia wenzake moyo kwa kutazamia malipo ya haraka. Simba haikushinda siku ile, ilitoka sare. Ubingwa wa msimu huo ulichukuliwa na Azam. Na kabla ya mwaka kwisha Kibadeni hakuwa tena kocha wa Simba. Lakini mashabiki waliokuwa wakijiandaa kutoka uwanjani mapema kwa aibu walirudi nyumbani kwa watani wao wakitembea wima, na hilo hakuna aliyewanyang'anya.

Na wale wa Yanga wana somo lao pia, ambalo lamfaa kila aliye mbele kwa mabao, kwa cheo au kwa mali. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Wakasema vilevile, kutangulia si kufika.