Kazi yako ikifungiwa ndani, si yako tena

Wasee, leo naongea kuhusu programu yenye umri wa kutuzaa. Inaitwa Kermit. Ndio, kama yule chura wa kijani wa The Muppet Show. Najua mnajiuliza nimekula nini leo, lakini nipeeni dakika chache, hii stori inanihusu na huenda inakuhusu pia.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo. Sitaki huruma, nilishazoea. Kitu kiliniuma kilikuja wiki chache baadaye, nikijaribu kuingia kwenye akaunti ya chuo naambiwa haipo. Mle ndani kulikuwa na noti zangu zote, programu ya mradi wa kikundi tuliyoikeshea muhula mzima, na video moja ya shosho akinisimulia vile babangu alizaliwa njiani wakielekea hospitali. Shosho ameshatuacha. Nikaenda hadi ofisi ya kompyuta, jamaa akaniangalia kwa upole kabisa akasema, "Mfumo ndio umefuta, si mimi." Ati mfumo. Kama vile mfumo ni mvua.

Basi nikaanza kutafuta kama kuna mahali wanafunzi walishawahi kusumbuliwa hivi, nikajipata New York, Chuo Kikuu cha Columbia, mwanzoni mwa miaka ya 80. Hapo hakuna laptopu. Kuna mashine kubwa za chuo, meinfremu za IBM na nyingine za kampuni ya DEC, na kila mtu anazitumia kupitia skrini na kibodi iliyounganishwa kwa waya au kwa laini ya simu. Mwanafunzi anapewa nafasi kidogo sana ya kuweka kazi yake. Ikijaa, imejaa. Wakati huohuo kompyuta ndogo za mtu binafsi zimeanza kuingia, na zina diski laini unayoweza kutia kwenye begi ukaenda nayo nyumbani.

Sasa shida ikawa, kazi itatokaje kwa ile kubwa ifike kwa hii ndogo? Hizi mashine hazikuwa zinaongea lugha moja. Meinfremu ya IBM ilikuwa na mpangilio wake wa herufi unaoitwa EBCDIC, zile ndogo zilitumia ASCII. Halafu kuna alama fulani za siri ambazo ukizituma tu, mashine kubwa inadhani umeiamuru isimame au ikate laini. Na laini ya simu yenyewe ilikuwa na kelele, herufi zinaharibika njiani.

Frank da Cruz na Bill Catchings, waliokuwa wakifanya kazi kwenye kituo cha kompyuta hapo Columbia, wakaunda njia yao mwaka 1981. Manze, ukiisoma unaona ni akili ya mtu anayejua kuishi na vitu vibovu. Faili linakatwa vipande vidogo, kila kimoja kikiwa chini ya herufi 100. Zile alama za hatari zinavalishwa nguo ya raia: Control-A inageuzwa kuwa #A, inapita bila mashine kushtuka, ikifika inavuliwa. Kila kipande kina namba yake, na mwishoni kina alama inayotokana na hesabu ya herufi zake. Upande wa pili unarudia hiyo hesabu. Ikilingana unajibu kwa herufi Y, ikikataa unajibu N na kipande kinatumwa tena. Ni kama tiki za WhatsApp, ila hapa hakuna kuendelea hadi jibu lirudi.

Ilikuwa polepole, na watu waliicheka kwa hilo. Baadaye waliiongezea vipande virefu na uwezo wa kutuma kadhaa bila kungoja kila jibu. Jina nalo lilitoka kwa kalenda ya Muppet iliyokuwa ukutani, wakaomba ruhusa kwa wenye chura, wakapewa.

Lakini kinachonigusa ni huu uamuzi: hawakuifungia. Waliwaachia watu wachukue, wanakili, waiandikie mashine zao. Watu wa nchi nyingi wakatuma matoleo yao, hadi ikawa inafanya kazi kwenye mamia ya aina za kompyuta. Wafanyakazi wa chuo waliona kazi ya mwanafunzi imekwama ndani ya mashine ya chuo, wakajenga mlango wa kutokea. Hakuna aliyesema mfumo ndio umekataa.

Sai tuko wapi? Tumezunguka tukarudi palepale. Hii tunayoita wingu ni meinfremu ya mtu mwingine, na simu yako ni ile skrini ya zamani yenye rangi nzuri zaidi. Noti ziko kwake, picha ziko kwake, akaunti yenye wafuasi wako iko kwake. Tofauti ni kwamba hatuna kisingizio cha EBCDIC. Kutoa faili leo ni rahisi kuliko kununua smokie. Kwa hivyo chuo kikifuta akaunti ya mtu aliyekosa karo bila kumpa hata siku 90 za kuchukua vitu vyake, huo ni uamuzi, na kuna mtu aliyeuweka sahihi. Nidai karo, sawa, deni ni langu. Lakini shosho wangu hakuwa dhamana ya hilo deni.

Nitajilaumu pia kidogo. Nilikuwa na flashi ya GB 16 kwenye droo miaka yote mitatu. Ilikuwa imejaa nyimbo.

Columbia walifunga mradi wa Kermit mwaka 2011, na wakati huo toleo la C-Kermit likaachiliwa kama programu huria, kwa hivyo bado lipo. Wiki jana nimeliweka kwenye laptopu mbili za zamani, nikaziunganisha kwa waya wa siriali niliopata kwa fundi pale Luthuli, nikatuma picha moja. Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Ikafika nzima.

Barua kwa ile ofisi ya chuo nimeandika mara mbili, nikiomba waangalie kama kuna nakala iliyobaki mahali. Ya kwanza hawakujibu. Ya pili nimepeleka mwenyewe kwa mkono Jumatatu, nikagongewa muhuri wa kupokelewa, na hiyo nakala yenye muhuri nimepiga picha nikaiweka mahali patatu.